Barua ya kiwanda ilienda Japani, gari liko Tanga

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu hapa Tanga. Nina Toyota Vitz ya mwaka 2006, niliinunua miaka minne iliyopita kwa mtu aliyeiagiza kutoka Japani. Shemeji yangu aliyeko Muscat ameniambia kuna magari ya Toyota yaliyoitwa na kiwanda kwa sababu mfuko wa hewa ukifumuka unarusha vyuma. Taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi yangu inawaka nikifungua swichi, kisha inazimika kama kawaida. Fundi wangu anasema taa ikizimika gari ni zima, na kama nina wasiwasi atachomoa fyuzi mambo yaishe. Sijawahi kupata barua wala simu ya mtu yeyote. Je, gari langu limo? Nani atalitengeneza, na nani atalipa? Naliendesha kila siku, na binti yangu wa miaka kumi hukaa mbele tukienda shule.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Shemeji yako hakukutisha bure. Huenda gari lako limo na huenda halimo. Mimi sijui, fundi wako hajui, na ile taa ndiyo haijui kabisa. Kinachojua ni namba ya chasisi, na nitakueleza jinsi ya kuiuliza.

Nianze na barua ambayo hukuipata. Kiwanda kikigundua kasoro inayoweza kuua au kujeruhi, hutangaza kwamba magari fulani, ya kuanzia tarehe fulani hadi fulani, yarudishwe yatengenezwe bila malipo. Kule gereji mafundi wanasema gari lina "rikoli". Mimi napenda kusema limeitwa. Nchini Japani mwito huo hupelekwa kwenye wizara inayosimamia uchukuzi, halafu kiwanda kinamwandikia kila mwenye gari kwa anwani iliyo kwenye usajili. Sasa fikiria safari ya Vitz yako. Mwenyewe wa kwanza alichoka na gharama za ukaguzi wa lazima wa Japani, akaliuza kwenye mnada. Likafutwa usajili ili lisafirishwe nje, likapanda meli, likashuka Dar es Salaam, likapewa namba ya T. Katika daftari la kiwanda jina lako halimo. Barua, kama iliandikwa, ilianguka kwenye sanduku la mtu wa Nagoya au Osaka ambaye pengine hata hakumbuki gari lenyewe lilikuwa na rangi gani. Kwa hiyo kutopata barua hakukuambii lolote. Mwenye gari la mtumba ndiye anayekwenda kugonga mlango wa kiwanda.

Sasa taa. Fundi wako amekosea, ingawa simlaumu, kwa maana kosa hili nimelikuta hata kwa watu wenye vyeti. Unapofungua swichi, kompyuta ya mifuko ya hewa inapitisha umeme mdogo sana kwenye nyaya zake kuona kama njia iko wazi hadi kwenye kiwashio, kile kinachoufumua mfuko. Ni kama mwalimu anayeita majina asubuhi: "Waya wa dereva?" "Nipo." "Waya wa abiria?" "Nipo." Wakiitika wote, taa inazimika. Lakini mbele ya kiwashio kuna kikopo cha chuma kinachoujaza mfuko gesi, ndani yake kuna baruti, na baruti haimo kwenye orodha ya wanaoitwa. Inaweza kuwa nzima, inaweza kuwa imeharibika kwa miaka ishirini ya joto na unyevu, taa itazimika vilevile. Kasoro anayoizungumzia shemeji yako iko hapo hasa ambapo taa haifiki.

Kasoro hiyo ni ya kampuni ya Kijapani iitwayo Takata, iliyokuwa ikiwauzia mifuko ya hewa watengenezaji wengi wa magari: Honda, Toyota, Nissan, Mazda, Subaru, BMW, Ford na wengineo. Mfuko wa hewa haujazwi na hewa ya kuhifadhiwa. Hujazwa na gesi inayozaliwa papo hapo, baruti inapowaka ndani ya kikopo, na kazi yote inakwisha kabla hujapepesa jicho. Takata walichagua baruti ya amonia naitreti, kitu kilekile kinachotumika kutengenezea mbolea. Ni rahisi kwa bei na inatoa gesi nyingi, lakini ina tabia mbaya: haipendi unyevu, na haipendi joto linalopanda mchana na kushuka usiku, kutwa kucha, mwaka baada ya mwaka. Vidonge vyake vinapata nyufa na vinyweleo. Siku ya ajali baruti iliyokusudiwa kuungua kwa kipimo inaungua yote kwa mpigo, kikopo kinashindwa kuhimili, kinapasuka. Vipande vya chuma vinapita kwenye kitambaa cha mfuko na kumfikia mtu usoni au shingoni. Watu wamekufa hivyo katika ajali ndogo ambazo wangeshuka na kuanza kugombana ni nani mwenye makosa.

Vingi vya vikopo hivyo havikuwekewa dawa ya kunyonya unyevu, ya aina ile ya vipakiti unavyovikuta kwenye boksi la viatu vipya. Kampuni kubwa namna ile, na kipakiti cha kwenye boksi la viatu! Mpaka leo jambo hilo linanikera.

Historia yake ina funzo kwa anayedhani mwito ukitoka mambo yamekwisha. Kikopo kwenye Honda Accord kilipasuka Alabama, Marekani, mwaka 2004. Honda waliita magari mwaka 2008, na mara ya kwanza waliita karibu magari 4,000 tu. Wakafikiri ni kosa la siku chache kiwandani. Wakaongeza, wakaongeza tena. Mwezi Mei 2015 Toyota peke yao waliita karibu magari milioni 5 kwa mkupuo mmoja duniani kote, yaliyotengenezwa kati ya Machi 2003 na Novemba 2007, na kati ya yaliyotajwa kwa jina zilikuwemo Corolla na Vitz. Hapo ndipo gari lako la 2006 linapoingia kwenye mazungumzo. Hesabu ya dunia nzima ilifika karibu vikopo milioni 100. Takata walikiri kosa la jinai mbele ya mahakama ya Marekani mwaka 2017, la kuwaficha wateja wao matokeo ya majaribio, na Juni mwaka huohuo wakaomba kufilisika. Marekani pekee waliokufa ni zaidi ya 25, na waliojeruhiwa ni mamia. Malaysia, nchi ya joto na mvua kama pwani yetu, nayo imezika watu kadhaa.

Nimetaja Malaysia makusudi. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani iligawa nchi yao kwa hali ya hewa, na magari ya Florida, Hawaii, Puerto Rico na ukanda wa pwani ya kusini yalipewa nafasi ya mbele, kwa sababu huko ndiko baruti huharibika haraka. Sasa wewe uko Tanga. Gari linalala nje, linaanikwa uwanjani shuleni kuanzia asubuhi, chumvi na mvuke wa bahari saa ishirini na nne. Hakuna aliyekaa ofisini Washington kuchora mstari kuzunguka Tanga, Mombasa, Unguja na Mtwara, lakini hewa yetu haina tofauti na ile. Angekuwa ni mtu wa Njombe, kule kwenye baridi, ndiye aliyeniuliza, ningemjibu kwa sauti ya chini kidogo, ingawa hata kwake miaka haisimami.

Basi tuitafute namba. Chukua kadi ya gari, angalia namba ya chasisi. Gari lililouzwa kwa soko la Japani halina ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17 inayotumika Ulaya na Marekani. Lina herufi na namba chache, kistari, halafu namba saba. Kwa Vitz ya umri wa yako utakuta kitu kama SCP90, KSP90 au NCP91, kistari, kisha namba yenyewe. Sehemu ya kwanza inataja umbo na injini: KSP90 ni ile ya sisi 1000, SCP90 ni ya 1300, NCP91 ni ya 1500. Sehemu ya pili ni ya gari lako peke yake. Usiiamini kadi peke yake. Fungua boneti, tazama ukuta unaotenganisha injini na sehemu ya abiria, utaona bamba dogo na namba iliyopigwa kwenye chuma. Isipoonekana hapo, mwambie fundi akutafutie. Baadhi ya magari imepigwa sakafuni karibu na kiti cha mbele. Linganisha herufi kwa herufi. Nimeona kadi zilizokosewa tarakimu moja, na tarakimu moja inatosha kukuletea majibu ya gari la mtu mwingine.

Namba hiyo ndiyo unayoipeleka kwenye tovuti ya Toyota ya Japani, si ya Marekani wala ya Ulaya. Watu wengi wanapotea hapa. Wanaingia kwenye ukurasa wa serikali ya Marekani kwa sababu uko kwa Kiingereza, wanaandika namba ya Kijapani, ukurasa unaikataa, wanahitimisha kwamba gari halijaitwa. Ukurasa ule unajua namba za tarakimu 17 tu, na za magari yaliyouzwa huko. Kwenye tovuti ya Kijapani tafuta ukurasa wa kuangalia miito. Simu yako ikikubali kutafsiri, ikubalie. Utakuta vyumba viwili: kimoja cha herufi za kabla ya kistari, kingine cha namba za baada yake. Honda, Nissan, Mazda na wenzao nao wana kurasa za namna hiyo. Piga picha ya jibu kwenye skrini, pamoja na tarehe. Picha hiyo ni mali, utaona baadaye.

Wajapani wana ngazi tatu, usishtuke ukiziona. Ya juu ni mwito wenyewe, pale gari linapokuwa kinyume na viwango vya usalama vya sheria. Ya pili ni marekebisho: viwango havijavunjwa, lakini kuna hatari. Ya tatu ni huduma ya kuboresha, mambo ya ubora tu. Mifuko ya Takata iko ngazi ya juu.

Kabla hata hujagusa simu, kuna kitu cha kutazama ambacho wauzaji wengi hawakijui. Fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo ya mwili wa gari, karibu na lile chuma ambalo kufuli la mlango hulishika, angalia kama kuna vibandiko vidogo vyenye namba. Kwa miaka mingi gereji za Kijapani zimekuwa zikibandika kibandiko hapo baada ya kumaliza kazi ya mwito, na namba yake ni namba ya mwito wenyewe. Ukikikuta ni dalili njema. Lakini usikifanye hirizi, kwa sababu ya jambo hili: miaka ya mwanzo, magari mengi yalibadilishiwa kikopo chakavu kwa kikopo kipya cha aina ileile, kwa vile hapakuwa na kingine. Kipya kilichelewesha tatizo, hakikuliondoa, na baadaye magari hayohayo yakaitwa upya. Kwa hiyo gari linaweza kuwa limetengenezwa na bado likawa linadaiwa. Jibu la tovuti lina nguvu kuliko kibandiko.

Tuseme jibu limekuja: gari limeitwa, kazi haijafanyika. Nenda kwa wakala rasmi wa Toyota nchini, si kwa duka la spea lenye bango la Toyota mlangoni. Nenda na kadi ya gari, picha ya bamba la chasisi na ile picha ya skrini. Na usiende kuuliza kwa mdomo tu kaunta. Kijana wa kaunta atakwambia "hilo ni gari la Japani, sisi tunahudumia tuliyouza sisi," nawe utageuka na kuondoka. Andika barua. Si ndefu:

"Mimi ni mmiliki wa Toyota Vitz yenye namba ya chasisi kama ilivyoambatishwa. Kwa mujibu wa taarifa ya Toyota Japani ya tarehe fulani, gari hili lina mwito wa usalama wa mfuko wa hewa ambao haujatekelezwa. Naomba kujua: je, mtatekeleza mwito huu bila malipo? Kifaa kinahitaji kuagizwa, na kitafika lini? Kama hamtautekeleza, naomba sababu kwa maandishi na mawasiliano ya ofisi ya Toyota ninayopaswa kuiandikia."

Wape nakala, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Sababu ya ukali huu ni kwamba wakala hakukuuzia gari lile, na wajibu wa kisheria wa kiwanda kwa mwito wa Japani uko Japani. Anayelipia kazi ya mwito ni kiwanda: wakala hufanya kazi, halafu hukidai kiwanda gharama ya kifaa na muda wa fundi. Kwa gari la mtumba, mlango huo unafunguka kwa wakala mmoja na kukwama kwa mwingine. Barua inampa meneja kitu cha kupeleka juu. Neno la kaunta halipelekwi popote.

New Zealand ni mfano mzuri kwetu kwa kuwa barabara zao, kama zetu, zimejaa mitumba ya Japani. Mwaka 2018 serikali yao ilitoa amri ya lazima kwa vikopo vya hatari zaidi vya Takata, na amri ikayagusa magari yaliyoingia kama mitumba pia. Australia walitoa amri yao mwaka huohuo na kuwapa watengenezaji hadi mwisho wa 2020. Hapo mwenye Vitz hakuhitaji kubembeleza. Kwetu Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye dhamana ya kumlinda mlaji, na TBS wana dhamana ya viwango. Kama wakala amekaa na barua yako bila kujibu, pelekea FCC nakala. Simaanishi kwamba kesho yake watakuja na king'ora. Namaanisha malalamiko yasiyoandikwa hayahesabiwi, na Takata yenyewe ilianza kufumuka kwa malalamiko ya mtu mmoja mmoja.

Wakikubali, kazi yenyewe si kubwa. Kubadilisha kikopo cha abiria au cha usukani ni kazi ya saa chache, si ya kulaza gari wiki. Ukichukua gari, dai karatasi inayoonyesha namba ya mwito, tarehe na kifaa kilichowekwa, uiweke pamoja na kadi. Cha zamani waachie, hata kama umezoea kuomba spea yako kuukuu uione. Agosti 2016 lori lililobeba vikopo vya Takata lililipuka katika mji mdogo wa Quemado, Texas, likamuua mwanamke aliyekuwa nyumbani kwake. Kikopo si kitu cha kuweka stoo karibu na jiko.

Wakikataa kazi ya bure, waombe bei ya kifaa kipya halisi na bei ya ufundi, kila moja peke yake. Kulipia wenyewe kazi iliyopaswa kuwa ya kiwanda kunauma, sibishi. Ila kuna njia ya mkato ambayo nakukataza kabisa, nayo ni mfuko wa mtumba. Mtu atakwambia mtaa wa Gerezani, pale Kariakoo, Dar es Salaam, unapata seti nzima iliyofunguliwa kwenye Vitz iliyogongwa nyuma. Unapata, kweli. Lakini Vitz ile ya kukatwa ni ya umri wa yako, na kikopo chake kimekaa kwenye joto lilelile. Utakuwa umelipa pesa kubadilisha ugonjwa kwa ugonjwa.

Na afadhali hata huo, kuliko nilichowahi kukikuta. Mteja mmoja aliniletea Corolla aliyoinunua kwa mtu, akitaka nitazame kelele ya usukani. Nilipofungua kifuniko cha usukani, pale mfuko ulipopaswa kuwepo palikuwa na kipande cha godoro kilichokatwa vizuri kabisa, na kwenye nyaya mtu alikuwa ameunganisha kifaa kidogo cha umeme cha kuidanganya kompyuta. Waya umeitika "nipo," taa imezimika. Kwa nje huoni lolote. Nilimwonyesha mwenye gari, akakaa kimya kitambo, akasema mke wake ndiye anayeliendesha. Tangu siku ile, mtu akiniambia taa yake inazimika vizuri, namjibu kwamba godoro nalo lilizimisha taa.

Turudi kwenye fyuzi. Fyuzi ile haizimi mfuko mmoja. Inazima kompyuta nzima: mfuko wa dereva, wa abiria, ya pembeni kama ipo, pamoja na ile mikanda inayojikaza yenyewe gari linapogonga. Mikanda hiyo haina ubaya wowote, na kwenye ajali kubwa ndiyo inayokushika. Fundi wako anataka kuzima taa ya nyumba nzima kwa sababu balbu moja ya barazani ina hitilafu. Toyota wenyewe Marekani, mwaka 2014, walipokosa vifaa vya kubadilisha, waliwaagiza mawakala wao wazime mfuko wa abiria peke yake kwa muda na waweke onyo kwamba mtu asikae kiti hicho. Mfuko wa abiria tu, na kiti kikabaki kitupu. Kwa Toyota nyingi, pamoja na za umri wa yako, tatizo limekuwa zaidi upande huo wa abiria wa mbele. Hata hilo usimruhusu mtu kulifanya chini ya mwembe. Anayegusa mfumo huu bila kuchomoa betri na kusubiri angalau sekunde 90, umeme uliobaki kwenye kompyuta unaweza kuuwasha mkononi mwake.

Kwa hiyo, wakati unasubiri jibu, endesha kwa namna hii. Mkanda kila safari, hata ya dukani. Kiti chako kirudishe nyuma kadiri unavyoweza kukanyaga pedeli vizuri, kifua kiwe mbali na katikati ya usukani kwa sentimita 25 au zaidi. Wanawake wafupi wengi hukaa wakikumbatia usukani, samahani kama wewe si mmoja wao. Ukiweza, liegeshe gari kivulini. Hakutaponya kilichoharibika, lakini hakuna haja ya kuendelea kukipika.

Ukiwa tayari uko kwenye ukurasa wa Toyota, usiishie kwenye mfuko wa hewa. Oktoba 2012 Toyota waliita magari zaidi ya milioni 7 kwa ajili ya swichi ya vioo iliyo kwenye mlango wa dereva; grisi haikupakwa sawasawa ndani yake, swichi inakwaruza na kuwa ngumu. Jambo dogo, utasema. Lakini kampuni ilionya kwamba ukipulizia mafuta ya dukani ili ilainike, swichi inaweza kuyeyuka, kutoa moshi, na hata kuwaka moto. Na sisi tunafanya nini swichi ikigoma? Tunapulizia! Kama kioo chako kinahitaji kubonyezwa mara mbili, usimpe mtu kopo la dawa, angalia namba yako kwanza. Wenye magari mapya zaidi, haya ya 2017 hadi 2019, watazame pampu ya mafuta ya kampuni ya Denso: gurudumu dogo la plastiki ndani yake hunyonya petroli, huvimba, hukwama, na injini huzimika barabarani gari likiwa kwenye mwendo. Toyota waliita mamilioni kwa hilo mwaka 2020. Hapo ndipo mtu hubadilishiwa plagi, kichujio na sensa tatu kwa pesa yake, kumbe gari lilikuwa limeitwa.

Shemeji yako naye asijisahau. Magari ya Oman na ya Ghuba yana namba ya tarakimu 17, na huko wakala ndiye aliyeliuza, hivyo hana pa kujificha. Na akitaka kukuletea gari kutoka huko, aangalie mwito kabla ya kulipia meli. Ukitengeneza kule ni bure. Likishavuka bahari tutarudi kwenye barua na mihuri.

Cheti cha ukaguzi ulichopewa na muuzaji, usikitegemee kwa hili. Mkaguzi anatazama breki, taa, matairi, chasisi. Hafungui kikopo, na hata akikifungua macho hayaoni vidonge vilivyopata nyufa.

Ukipata jibu la tovuti na hulielewi, niandikie herufi za kabla ya kistari, mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na maneno yaliyoandikwa kwenye skrini. Namba nzima ya chasisi usiitume kwa mtu usiyemjua, mimi nikiwemo. Barua kwa wakala unaweza kuiandika Jumamosi. Tovuti unaweza kuitazama leo usiku. Ila binti, kuanzia kesho asubuhi, akae kiti cha nyuma na mkanda afunge.